55, 57 au 60? Tarehe ya kustaafu, na mkupuo uende wapi

Mtumishi wa umma Tanzania akitimiza miaka 55 anaruhusiwa kuandika barua ya kustaafu kwa hiari. Akinyamaza, sheria itamstaafisha akiwa na 60. (Maprofesa na madaktari bingwa wana utaratibu wao, wao huenda hadi 65.) Hiyo miaka mitano ya katikati wengi huiamua kwa hasira za siku moja na mkuu wa idara, au kwa kumwangalia jirani aliyestaafu mapema akashusha Noah uani.

Nitaziweka tarehe hizo kando kwa kando kwa shilingi, halafu nilinganishe sehemu za kuuweka mkupuo, yaani ile fedha anayolipwa mstaafu kwa mara moja. Watu huuliza "nistaafu lini?" leo, na "hela niifanyie nini?" baada ya mwaka. Mimi naona ni swali moja. Tarehe ya kuondoka haina maana kama hujajua fedha inakwenda wapi.

Mfano wetu ni mwalimu wa sekondari. Aliajiriwa akiwa na miaka 25 na hakuwahi kukatiza utumishi. Mshahara wake ulikuwa 1,200,000 kwa mwezi, akapandishwa daraja akiwa na 54 ukafika 1,400,000. Alikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla mifuko haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Namba nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa. Weka za kwako.

Kikokotoo kwa ufupi

Chukua miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara wako wa mwaka. Mshahara unaotumika si wa mwisho. Ni wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Jibu ni pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja, ndio mkupuo. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa 12 na kuingia kila mwezi maisha yako yote.

Hiyo 40 ina historia ya makelele. Kanuni za 2018 ziliweka asilimia 25 kwa wote, watumishi wakapiga yowe, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaagiza vikokotoo vya zamani virudi kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ikaja 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakilipwa nusu kwa nusu, yaani PSPF na LAPF, na 35 kwa waliokuwa kwenye asilimia 25, yaani PPF na NSSF. Anayekikumbuka kikokotoo cha PSPF (gawanya kwa 540, zidisha kwa 15.5, nusu yake mkononi) anajua kwamba mwalimu huyu angeondoka na zaidi ya milioni 101 akiwa na 60. Sasa ni karibu 61. Uchungu wa wastaafu wa miaka hii umetoka hapo, na hakuna haja ya kuuficha. Ila kupanga maisha kwa kikokotoo kilichokwisha kufutwa hakumsaidii mtu.

| | Akiwa 55 | Akiwa 57 | Akiwa 60 |
|---|---|---|---|
| Miezi ya kuchangia | 360 | 384 | 420 |
| Wastani wa mshahara | 1,266,667 | 1,400,000 | 1,400,000 |
| Mkupuo | 47,172,414 | 55,613,793 | 60,827,586 |
| Pensheni kwa mwezi | 471,724 | 556,138 | 608,276 |

Angalia safu ya kwanza na ya pili. Miaka miwili tu, lakini mkupuo umepanda kwa zaidi ya milioni 8 na pensheni kwa 84,414 kila mwezi. Kutoka 57 hadi 60, miaka mitatu mizima, nyongeza ni milioni 5.2 na 52,138 kwa mwezi. Siri iko kwenye daraja. Akiondoka na 55, mshahara mpya umeingia kwenye hesabu mwaka mmoja tu, na miwili iliyobaki ni ya mshahara wa zamani. Akifika 57, miaka yote mitatu bora ni ya daraja jipya. Baada ya hapo kinachoongezeka ni miezi tu.

Ndiyo maana swali la "55 au 60" limekaa vibaya tangu mwanzo. Baina yake kuna 56, 57, 58 na 59, na mara nyingi jibu liko humo. Tafuta barua yako ya mwisho ya kupandishwa daraja, hesabu miaka mitatu kutoka tarehe mshahara ulipobadilika, uone unaangukia wapi. Nimeona mtu akiandika barua ya hiari zikiwa zimebaki wiki chache mwaka wa tatu wa daraja lake utimie. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Waliokuwa kwenye kundi la asilimia 35 wasome jedwali hili wakijua kwamba kwao mkupuo ni mdogo zaidi na pensheni ni kubwa zaidi. Akiwa 57 mtu wa kundi hilo mwenye mshahara huohuo angepata kama milioni 48.7 na 602,483 kwa mwezi. Wengi wao hulalamika. Mimi, kwa mtu mwenye wajomba na mashemeji wengi, nisingelalamika sana.

Mshahara upande mmoja, pensheni upande wa pili

Mshahara wa 1,400,000 hauingii wote mkononi. Toa asilimia 5 ya mfuko, asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF na kodi ya mapato, unabaki na kama 1,061,000. Hapo sijagusa chama cha wafanyakazi wala mkopo wa benki. Kwa watumishi wengi hati ya mshahara ni orodha ya makato, na kinachowalinda wasiishiwe kabisa ni kanuni ya kubakiwa na theluthi moja.

Sasa tazama jambo moja ambalo sijaona likisemwa sana. Kwa kundi la asilimia 40, pensheni ya mwezi ni sehemu moja ya mia ya mkupuo. Daima. Mkupuo wa milioni 55.6 unafuatana na pensheni ya 556 elfu. Maana yake, ukiuweka mkupuo wote mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, utazalisha kwa mwezi kiasi kilekile cha pensheni. Kipato kinakuwa mara mbili:

Akiwa 55: 943,448 kwa mwezi.
Akiwa 57: 1,112,276.
Akiwa 60: 1,216,552.

Kwa hiyo mwalimu wetu akistaafu na 57 na asiuguse mkupuo, kipato chake kinazidi mshahara aliokuwa akipokea mkononi, na asubuhi halazimiki kuamka kusahihisha madaftari ya wanafunzi tisini. Akistaafu na 55 anapungukiwa na kama 117 elfu.

Shida ni hilo neno "asiuguse". Utaguswa. Siku fedha inapoingia, benki inachukua salio la mkopo. Nyumba iko kwenye lenta na fundi anajua tarehe yako ya kustaafu kuliko wewe. Kijana wa mwisho yuko mwaka wa pili chuoni. Kuna kaburi la mzee la kujengea, kuna mchango wa harusi ya binti wa dada, na chumba cha walimu kizima kinakuaga kwa mzaha ambao si mzaha: "Mwalimu, ukipata chako usitusahau." Milioni 20 zikitoka kwa mambo haya, zile milioni 55.6 zinabaki 35.6, na kipato cha mwezi kinashuka hadi kama 912 elfu. Zikitoka 35, unashuka hadi 762 elfu.

Hapo ndipo pa kuamulia tarehe. Orodhesha kila kitakachokula mkupuo, halafu ujiulize vingapi vinaweza kumalizwa na mshahara kabla hujaondoka. Mkopo wenye miezi 18 iliyobaki ni sababu nzuri ya kukaa miezi 18. Ada ya chuo ya miaka miwili ni sababu nzuri ya kukaa miaka miwili. Kumchukia mkuu wa shule si sababu, omba uhamisho.

Nani aondoke mapema, nani asubiri

Kustaafu na 55 kunamfaa aliye na kitu kinachoingiza fedha tayari. Kisiwe kitu anachotarajia kuanza. Kiwe kina rejesta ya mauzo ya miaka miwili mitatu. Kunamfaa pia ambaye afya imeanza kumgomea, na yule mwenye ujuzi unaotafutwa nje akiwa bado na nguvu: mwalimu wa fizikia na hesabu, mhasibu mwenye CPA, muuguzi wa chumba cha upasuaji, fundi wa mitambo ya maji. Mtu wa namna hii akienda shule au hospitali binafsi kwa mkataba, mshahara mpya unakuja juu ya pensheni, na mkupuo unabaki umelala unakozalisha. Kwa hesabu tupu, hakuna njia inayoishinda hii kati ya zote ninazozijua.

Ina mapungufu yake. Mkataba wa sekta binafsi ni wa mwaka au miwili. Shule ikikosa wanafunzi Januari, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa asante. Likizo ya malipo unayoizoea serikalini hutaiona kila mahali. Na kuna adabu mpya: uliyekuwa ukiitwa "mwalimu mkuu" utapangiwa zamu ya bwenini na meneja wa miaka 31, na utaitikia. Wapo wanaoweza, wapo wasioweza. Jijue.

Ukikaa hadi 60 unapata usalama wa mshahara, na mara nyingine nafasi ya daraja moja zaidi. Kama daraja hilo litakuja ukiwa na 57 au chini, lina thamani kubwa. Likija ukiwa na 59 litakuwa na mwaka mmoja tu ndani ya wastani, usilisubiri kwa ajili yake peke yake. Na kama hujafikisha miezi 180 ya michango, mjadala umekwisha: subiri, kwa sababu chini ya hapo hakuna pensheni ya mwezi.

Afya nayo iingie kwenye hesabu. Mtumishi aliyekuwa akichangia NHIF, yeye pamoja na mwenza wake huendelea kutibiwa kwa bima hiyo baada ya kustaafu, lakini watoto hawaendelei. Mwenye mtoto anayehudhuria kliniki ya seli mundu au kisukari aanze kutafuta bima ya mtoto kabla hajatia saini barua.

Mkupuo: sehemu nne, kando kwa kando

Hatifungani za serikali. Hapa unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Benki Kuu huziuza kwa mnada, na mtu wa kawaida anashiriki kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa kuanzia shilingi milioni 1. Zipo za miaka 2 hadi 25. Riba haibadiliki mpaka siku ya kuiva, na inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi sita. Hii ya miaka 25 ilipoanza kutolewa 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata toleo jipya lilishuka hadi 12.56. Kwa hiyo aliyestaafu 2021 na aliyestaafu 2022 wakiwa na mkupuo sawa wana vipato tofauti mpaka leo, na hakuna aliyekuwa mjanja kuliko mwenzake. Ndiyo maana nimetumia 12 kwenye hesabu zangu, nisimdanganye mtu kwa riba ya mwaka mzuri.

Chukua milioni 30 kwenye ile ya 12.56. Kila miezi sita inaingia 1,884,000, sawa na 314,000 kwa mwezi. Hakuna mpangaji wa kumfuatilia wala kuku wa kuchanja. Wazoefu hununua matoleo mawili yenye miezi tofauti ya malipo, tuseme moja Januari na Julai, jingine Aprili na Oktoba, ili fedha iingie mara nne kwa mwaka. Ukikwama, unaweza kuuza kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam kabla haijaiva. Ila kama riba za matoleo mapya zimepanda kuliko yako, utauza kwa bei ya chini.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba shilingi haikui. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukizunguka asilimia 3 hadi 4 miaka ya karibuni. Kwa asilimia 3.5, baada ya miaka 15 laki moja itanunua kile ambacho leo unakinunua kwa elfu sitini. Mstaafu wa miaka 57 atafika huko akiwa na 72, umri ambao bei ya dawa inauma kuliko zote. Kwa hiyo usile kuponi, hiyo riba ya kila miezi sita, yote. Kila mwaka rudisha sehemu yake ukanunue nyingine.

Na kitu kimoja kwa faida ya nyumba yako: pensheni inakoma na uhai wako, ingawa wategemezi wana mafao yao kwa utaratibu wa mfuko. Hatifungani inarithiwa nzima. Mjulishe mwenza wako ilipo karatasi yake.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Fedha za watu wengi hukusanywa na kuwekezwa na kampuni moja kwa niaba yao. UTT AMIS ndio wanaojulikana zaidi, wenye Mfuko wa Umoja ulioanza 2005. Kwa mstaafu naona miwili tu ya kuangalia. Mfuko wa Hatifungani una mpango wa kukulipa gawio kila mwezi ukiweka kuanzia milioni 10, au kila miezi sita ukiweka kuanzia milioni 5. Mfuko wa Ukwasi ni wa fedha ya dharura: unaingia na kutoka bila gharama, na ukiomba fedha yako huisubiri kwa siku chache tu. Ukilinganisha na kununua hatifungani mwenyewe, hapa unapata urahisi na malipo ya kila mwezi, lakini gawio halijafungwa kwa mkataba wa miaka 25. Linaweza kupanda, linaweza kushuka. Anayeogopa fomu za mnada na lugha ya madalali akae hapa tu, hajapoteza kitu kikubwa.

Akaunti ya muda maalumu ya benki sina mengi ya kuisemea. Riba yake inakatwa kodi asilimia 10, na mara nyingi iko chini ya hatifungani ya muda mrefu. Inafaa kwa fedha unayoisubirishia jambo la miezi sita.

Nyumba ya kupangisha. Hapa ndipo moyo wa mstaafu wa Kitanzania ulipo, na sina nia ya kuukejeli. Nyumba inaonekana. Mtoto anaijua, jirani anaiheshimu, na ardhi ya maeneo yanayokua hupanda thamani. Lakini fanya hesabu. Tuseme kiwanja na ujenzi vimekula milioni 40, ukapata sehemu mbili za kupangisha, kila moja 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3.6, asilimia 9. Sasa toa miezi miwili ambayo nyumba imekaa bila mtu huku dalali akileta wateja wa kuangalia tu: imebaki milioni 3. TRA wanataka asilimia 10 ya pango: 2.7. Mpangaji aliyehama ameacha koki mbovu, kitasa hakipo, rangi ya sebule imechorwa na watoto, na shimo la choo limejaa: laki nne. Imebaki 2.3, chini kidogo ya asilimia 6. Kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi inakatwa kwenye LUKU, hiyo hata usiihesabu.

Kwa hiyo kwa fedha ya mwezi, hatifungani inalipa karibu mara mbili ya nyumba. Nyumba inaishinda kwa jambo moja, nalo ni zito: pango hupanda na bei za vitu, kuponi haipandi. Mstaafu wa miaka 57 mwenye afya anaweza kudai nyumba itamfaa zaidi akiwa na 75. Sibishani naye kama kiwanja anacho tayari, kimepimwa, na hati iko mkononi. Anayeanza kutafuta kiwanja siku mkupuo umeingia, huyo ndiye ninayemwogopea. Viwanja viwili kwa mwuzaji mmoja, mashahidi wa serikali ya mtaa wasiokumbuka walichosaini, kesi ya miaka minane kwenye baraza la ardhi.

Nyumba ya kuishi mwenyewe ni habari nyingine. Hiyo imalizike kwanza, kabla ya uwekezaji wowote, na ikiwezekana kabla ya kustaafu. Mstaafu anayelipa pango amekwisha kupunguza pensheni yake kwa mkono wake.

Biashara. Kuku wa nyama, bodaboda za mkataba, Hiace, mashine ya kusaga, duka la vifaa vya ujenzi. Faida inaweza kuwa kubwa kuliko vyote vya juu, na ndiyo inayoteketeza mikupuo mingi. Tatizo si biashara. Tatizo ni kuanza jambo usilolijua, kwa fedha ambayo haitakuja mara ya pili, katika umri usio na muda wa kurudia darasa.

Mchukue mfugaji mpya wa kuku wa nyama. Ameweka vifaranga 1,000 kwa mpigo kwa sababu banda ni kubwa. Hajui kwamba chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo wiki ya tano mteja aliyemwahidi akichelewa, kuku wanaendelea kula faida. Kideri kikipita, kinapita na banda zima. Aliyeanza na vifaranga 100 akiwa bado kazini amekwisha kuyajua haya kwa gharama ya laki chache. Anajua daktari wa mifugo gani hupokea simu usiku, na hoteli ipi hulipa taslimu. Huyo mpe milioni 8 za mkupuo, atazizungusha.

Bodaboda ni vilevile: pikipiki moja kwa kijana unayemfahamu, hesabu inaletwa kila jioni mpaka mkataba uishe na chombo kiwe chake. Ukinunua tano siku moja na kuwapa vijana watano usiowajua, umejiajiri kuwa mpelelezi.

Kigezo changu ni kimoja. Biashara ambayo haijatimiza mwaka ukiwa na mshahara isipewe mkupuo. Na hiyo ni hoja nyingine ya kusogeza tarehe kutoka 55 hadi 57: miaka miwili ya kujaribu kwa fedha ya mshahara, mkupuo ukiwa haujafunguliwa.

Mgawanyo ambao ningeuchagua

Mwalimu wetu aondoke na 57, mkopo uwe umebaki milioni 6. Milioni 55.6 ningezigawa hivi: 6 zifute mkopo, 10 zimalizie bati, milango na dari za nyumba yake, 6 ziingie Ukwasi kama kinga ya mwaka wa kwanza, 25 ziende hatifungani, na 8.6 ziongeze biashara iliyokwisha kujaribiwa. Pensheni 556 elfu, hatifungani kama 250 elfu kwa asilimia 12, jumla 806 elfu kabla biashara haijaleta chochote. Ni pungufu ya mshahara wa mkononi kwa robo hivi, lakini makato ya benki hayapo na nauli za kwenda kazini hazipo.

Mwenye moyo wa kutokopesha ndugu ataweka zaidi kwenye hatifungani. Asiye nao afanye hivyohivyo, tena kwa sababu kubwa zaidi: fedha iliyofungwa miaka 15 ni jibu la heshima. "Shangazi, ninazo, lakini ziko Benki Kuu." Hakuna atakayenuna sana. Na kadi yako ya benki isikae rehani kwa wakopeshaji wa kausha damu hata mwezi mmoja, kwa sababu pensheni inayotolewa na mtu mwingine kwenye mashine si yako tena. Vilevile, anayekupigia simu akidai yuko Hazina na anataka "ya soda" ili faili lako liende haraka, kata simu.

Kabla ya barua yenyewe, toa taarifa yako ya michango, PSSSF wana programu ya simu ya Kiganjani na ofisi mikoani, uilinganishe na miezi yako ya utumishi. Mara nyingi mapengo huwa kwenye miaka ya mwanzo, au pale ulipohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mwalimu wa mfano wetu, kila mwaka usioonekana unamnyima 1,737,931 kwenye mkupuo na 17,379 kila mwezi kwa maisha yake yote. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja na hati za mshahara za miaka hiyo ndizo zinazoziba pengo, na mhasibu wa mwajiri wako ni rahisi kumpata ukiwa bado na meza ofisini kuliko ukiwa umeshahamia kijijini.